Msichana Asiye na Jina

Kitabu cha Alan Paton kiitwacho Cry, the Beloved Country, jina ambalo kwa Kiswahili tungelisema Lia, Ewe Nchi Mpendwa, kimesifiwa tangu kilipotoka mwaka 1948 kuwa ni kitabu cha upatanisho. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini wengi wanaokisifu, wakiwemo wahubiri, hukumbuka sehemu moja tu: Mzungu mwenye mashamba, ambaye mwanawe ameuawa na kijana Mwafrika, naye badala ya kulipiza kisasi anawapelekea maziwa watoto wa kijiji alikotoka muuaji. Ni sehemu nzuri, na haina ubaya kuihubiri. Hata hivyo tunaona kwamba moyo wa kitabu hauko pale. Mtu anayetaka kujua jinsi dharau inavyong'oka ndani ya moyo wa mcha Mungu atapata kidogo kwa Mzungu yule, na mengi zaidi kwa mchungaji mzee, katika kurasa chache ambazo hazipendezi kuzisoma.

Kwa ambao hawajakisoma, habari yenyewe ni hii. Stephen Kumalo ni kasisi wa Kianglikana katika kijiji cha Ndotsheni, Natal, Afrika Kusini. Watu humwita umfundisi, neno la Kizulu ambalo halimsumbui Mswahili, kwa kuwa mzizi wake ni uleule wa kufundisha kwetu. Siku moja anapata barua kutoka Johannesburg: dada yake, Gertrude, ni mgonjwa, aje. Kumalo anachukua akiba ya nyumba nzima, pamoja na pesa zilizowekwa kwa ajili ya masomo ya mwanawe, anapanda treni. Dada anamkuta akiuza pombe na kuuza mwili. Mwanawe Absalom, ambaye ameacha kuandika barua, anamtafuta mtaa hadi mtaa, na kila anapofika anaambiwa amekwisha kuhama. Kisha magazeti yanatangaza kwamba mhandisi mmoja Mzungu, Arthur Jarvis, aliyejulikana kwa kuwatetea Waafrika, amepigwa risasi nyumbani kwake na wezi. Aliyefyatua bastola ni Absalom. Na baba wa marehemu, James Jarvis, ni yule mwenye shamba kubwa juu ya kilima, juu ya Ndotsheni hiyohiyo. Kumalo amekuwa akimwona akipita juu ya farasi mbele ya kanisa lake, basi.

Paton hakuandika habari za watu asiowajua. Alikuwa Mzungu, Mkristo, mwalimu, na tangu mwaka 1935 mpaka 1948 alikuwa mkuu wa shule ya kurekebisha tabia ya vijana wa Kiafrika huko Diepkloof, nje ya Johannesburg. Kitabu alianza kukiandika mwaka 1946 akiwa Trondheim, Norway, katika safari ya kuangalia magereza ya nchi nyingine. Kilitoka miezi michache tu kabla ya Chama cha National kushinda uchaguzi wa Mei 1948 na kuufanya ubaguzi kuwa sheria ya nchi. Sisi wa Afrika Mashariki tunacho kiungo chetu na habari hii. Katika kitabu yumo padri mmoja Mwingereza, Father Vincent, anayemfariji Kumalo, na husemwa kwamba Paton alimchora kwa kumtazama Trevor Huddleston, padri wa Sophiatown. Huddleston huyo ndiye aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi, Tanzania, kuanzia mwaka 1960 mpaka 1968.

Sasa twende Pimville, mtaa wa maskini nje ya Johannesburg, maana ndipo penye jambo letu.

Katika kumtafuta Absalom, Kumalo anafikishwa kwenye nyumba anamoishi msichana mdogo, mjamzito. Mimba ni ya Absalom. Kumalo yuko pamoja na Msimangu, padri mwenzake, ambaye ndiye aliyemwandikia ile barua. Msichana hajui mwenzake yuko wapi. Wanapotoka nje, Kumalo anasikitika kwa ajili ya yule mtoto aliye tumboni, maana ni mjukuu wake, na Msimangu anamjibu kwa ukali: wasichana kama huyu ni maelfu, wewe huwezi kitu, na hata hilo la mjukuu huna hakika nalo. Maneno makali, tena ya mtu mwema. Baada ya muda mfupi Msimangu mwenyewe anaona ubaya wa maneno yake na kuomba radhi.

Baada ya Absalom kukamatwa, Kumalo anarudi kwa msichana, safari hii peke yake. Anataka kujua kama yuko tayari kuolewa na kijana aliyeko gerezani, ambaye huenda akanyongwa. Anaanza kumhoji, na msomaji aliyewahi kuona mtu akiitwa mbele ya baraza la wazee wa kanisa atayatambua maswali: huyu ni mume wako wa kwanza? Siye. Walikuwepo wengine kabla yake? Ndiyo. Kadiri msichana anavyojibu ukweli, ndivyo hasira ya mchungaji inavyopanda. Anamtupia neno kwamba sasa atamtafuta mwingine. Msichana anasema hataki mwingine. Hapo mzee yule, akitaka kuumiza, anamuuliza kama angekubali kuwa wake yeye. Msichana anashtuka, anahangaika, anakwepa. Mzee anambana. Hatimaye anajibu kwa sauti ndogo kwamba huenda angekubali. Kisha analia.

Tumesikia wasomaji wakisema Paton angeiacha sehemu hii, kwamba inamchafua mchungaji. Sisi tunasema bila sehemu hii kitabu kingekuwa mahubiri mazuri tu. Tazama jinsi swali lilivyotegwa. Msichana akikataa, ataonekana mwongo. Akikubali, ni kahaba. Hakuna jibu la kumwokoa. Na tazama ni nani anayeulizwa: mtoto aliyekua bila mtu wa kumtunza, katika jiji ambalo kwake neno la mwanamume mkubwa limekuwa amri siku zote. Alijibu alivyozoea kujibu watu wenye nguvu. Kumalo alilichukua jibu la woga akaliita tabia.

Lakini lipo jambo zito zaidi. Dharau ya Kumalo haikujengwa juu ya uongo. Ni kweli msichana alikuwa ameishi na wanaume kabla ya Absalom, alikiri mwenyewe. Tumezoea kudhani kwamba kumdharau mtu bila haki ni kumsingizia, kwa hiyo tukijua habari zake kwa usahihi tunajiona tumekwisha kuwa waadilifu. Ndiyo maana dharau ya watu wa dini ni ngumu kuitibu. Mbaguzi wa rangi hutegemea uongo, na uongo unaweza kupingwa kwa hoja. Mcha Mungu anayemdharau mwenye dhambi anao ushahidi mkononi, tarehe na majina. Alichokosa Kumalo ni kuuliza swali lililofuata: ilikuwaje? Ni nani aliyempokea mtoto huyu alipokimbia kwao, na kwa bei gani? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Kumalo alikuwa mgeni wa siku chache tu katika jiji ambalo msichana amelala na kunguni wake tangu utoto.

Kinachomwokoa Kumalo ni kwamba alijisikia akisema. Anafunika uso kwa aibu, anamwambia msichana wazi kwamba hakupaswa kumuuliza vile. Hasemi kwamba alikuwa akimpima tu, ingawa kisingizio hicho kilikuwa karibu, tena chenye sura ya kichungaji. Wala haendi kutubu pembeni kwa Mungu na kumwacha msichana na machozi yake. Hili la mwisho tulikazie macho. Ni rahisi kumwomba Mungu msamaha kwa jeraha tulilomtia jirani, kwa kuwa Mungu hatatutazama usoni kesho sokoni. Kumalo anamwomba msamaha mtu asiye na cheo, asiye na mume, asiye na pa kumshitaki. Baada ya hapo maswali yake yanabadilika. Anamuuliza kama atapenda kuishi mahali palipotulia, kijijini, kama binti wa nyumba yake. Na msichana, ambaye dakika chache nyuma alikuwa kahaba, anaonekana alivyo: mtoto anayefurahi kwa sababu kuna mtu anayemtaka.

Msomaji makini ataona kwamba kuomba radhi upesi ni kama mshono unaopita katika kitabu kizima. Msimangu anafanya. Yule kijana Mzungu wa shule ya kurekebisha tabia naye anafanya: anamfokea Kumalo kwa ajili ya Absalom, kisha anamrudia na kumwambia kwamba alisema kwa uchungu wa kazi yake iliyoharibika, na palepale anamshauri juu ya kupata wakili. (Wakili huyo, Carmichael, anaichukua kesi bila malipo, kwa ajili ya Mungu kama wanasheria wanavyoita. Laiti tungekuwa nao wengi.) Katika kila mojawapo anayekosea ni mtu mwema aliyechoka, na dharau inatoka pale uchovu unapotoboa wema. Paton anatuonyesha kwamba moyo wa mtu haujasafishwa mara moja kwa miaka yote. Jambo hili Biblia inalijua. Petro aliyefundishwa kwa maono juu ya dari la nyumba kule Yafa, akaenda hadi nyumbani kwa Kornelio akala na watu wa Mataifa, ndiye huyohuyo ambaye Paulo anatusimulia katika barua kwa Wagalatia kwamba alijitenga nao kule Antiokia, kwa kuwaogopa watu waliotoka kwa Yakobo. Somo alikuwa nalo. Lakini siku ile wageni wakubwa walikuwa mezani.

Kuna mwingine katika Injili ambaye tunadhani anasaidia kuisoma sura ile ya Pimville. Nathanaeli, katika sura ya kwanza ya Yohana, aliposikia habari za mtu wa Nazareti, alitoa dharau yake nje bila kuipaka sukari: mahali kama pale, jema gani litoke? Ni ukabila mtupu, dharau ya mtu wa kijiji kimoja kwa kijiji kingine. Filipo hakubishana naye. Alimwalika tu aende akajionee. Na Bwana alipomwona anakuja, alimsifu kuwa mtu asiye na hila. Wahubiri wengi hupita haraka hapa. Aliyesifiwa hivyo ndiye aliyekuwa ametoka kutukana kijiji kizima. Tunavyoelewa, hakusifiwa kwa dharau yake, bali kwa kuwa aliisema ilivyo kisha akakubali kutembea kwenda kuona. Dharau iliyosemwa inaweza kujibiwa. Ile inayofichwa chini ya maneno ya upole, kama vile "tunamwombea tu yule dada", haina mlango wa kuingilia. Kumalo naye, kwa namna mbaya, aliitoa dharau yake nje ikaonekana. Angeiweka moyoni, angemwozesha msichana kwa mwanawe, akamleta kijijini, na kumdharau kwa adabu mpaka kufa.

Hapa linatugusa sisi wa sharika. Katika makanisa yetu mengi binti akipata mimba kabla ya ndoa huwekwa chini ya marudi. Huondolewa kwaya, hasogei kwenye Meza ya Bwana, na siku ya kurudi kundini husimama mbele ya watu wote. Kijana aliyempa mimba, ikiwa hakutajwa au amekana, huendelea kupiga kinanda. Hatusemi dhambi ipewe jina jingine, wala hatusemi kanisa lisiwe na utaratibu. Tunasema kwamba utaratibu unaojua kuuliza "wangapi?" na haujui kuuliza "ilikuwaje?" unafanya kile alichofanya Kumalo kabla ya kufunika uso. Msichana anayesimama mbele anajua vizuri kwamba watu hawamtazami wote kwa macho ya toba. Anajua pia nani katika benchi la nyuma anajua siri yake kuliko wazee.

Habari ya wafanyakazi wa ndani nayo imo kitabuni, na ni fupi, lakini haisahauliki. Kumalo anapoondoka Ndotsheni anapewa ujumbe: mzee mmoja, Sibeko, ana binti aliyekwenda kufanya kazi kwa Wazungu mjini Springs, na hana habari zake. Sibeko mwenyewe aliogopa kumwomba Kumalo, kwa kuwa hasali kanisa lake. Kumalo anashangaa: kwani mtu mwenye shida hawezi kwenda ila kwa wa dhehebu lake? Wangapi wetu tumekuwa watu wa kuogopwa na akina Sibeko? Basi Kumalo anakwenda Springs, na katika nyumba anayoelekezwa anafunguliwa mlango na James Jarvis, ambaye yuko pale kwa ndugu wa mkewe. Anayetafutwa alifukuzwa kazi zamani. Mama mwenye nyumba anasema hajui aliko, na wala hajali. Jarvis analifikisha lile la kwanza kwa mchungaji, la pili analiacha. Tunaweza kumlaumu kwa kuficha, lakini huenda hapo ndipo aibu ilipoanza kumwingia. Na sisi ambao wasichana wa kazi wanalala katika nyumba zetu, tukiulizwa leo kijiji alikotoka, jina la mama yake, dhehebu lake, ni wangapi wangejibu bila kumwita aje aseme mwenyewe?

Katika mlango uleule ndipo mazungumzo makubwa ya kitabu yanapotokea. Kumalo anatetemeka, miguu haimbebi, anaketi kwenye ngazi. Jarvis hamjui, anakasirika kidogo, anahurumia kidogo, anaona mtu huyu ana jambo na anaomba alisema. Mchungaji analisema: jambo hili lililo zito kuliko yote katika maisha yangu ndilo zito kuliko yote katika maisha yako, mwanangu ndiye aliyemuua mwanao. Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kuuliza habari za binti Sibeko akaondoka zake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kwa muda mfupi pale mlangoni wako wazazi wawili, kabla hawajawa tena Mzungu na Mwafrika.

Kuhusu Jarvis mwenyewe tutasema machache, kwa kuwa wengine wamesema mengi. Yeye habadilishwi na Kumalo kwanza. Anabadilishwa na karatasi. Anakaa katika chumba cha mwanawe aliyekufa, kati ya vitabu na picha ya Abraham Lincoln, anasoma maandishi ambayo mwana hakuwahi kumsomea. Mahali pamoja mwana ameandika kwamba wazazi wake walimfundisha heshima na ukweli na kupenda watu, lakini juu ya nchi yenyewe, Afrika Kusini, hakujifunza kwao kitu. Baba anaumia. Anataka kuondoka. Kisha anarudi kusoma tena. Kurudi kule ndiko kunakotuvutia kuliko maziwa yote yaliyokuja baadaye. Mtu anayeambiwa kosa na mwanawe aliyeko kaburini hana wa kubishana naye. Anaweza tu kufunga karatasi. Jarvis hakuifunga.

Sasa yale yasiyotupendeza, maana uhakiki wa kusifu tu ni matangazo. Msomaji wa Kiafrika ataona kwamba huruma katika kitabu hiki inashuka zaidi kuliko inavyopanda. Maziwa yanatoka juu ya kilima, bwawa linatoka juu, ahadi ya kanisa jipya inatoka juu. Waafrika wa kitabu wanateseka vizuri na kushukuru vizuri. Yohana, ndugu yake Kumalo, ndiye Mwafrika mwenye sauti kubwa kuliko wote ya kudai haki, na Paton amemfanya mwoga na mlaghai, anayemtafutia mwanawe wakili ili akane na kumwacha Absalom peke yake. Walaghai wa namna hiyo wapo, hatukatai. Lakini katika nchi iliyokuwa na viongozi waliofungwa kwa ajili ya watu wao, kumfanya mwoga yule mwenye sauti kubwa kuliko wote ni uchaguzi wa mwandishi.

Haki itendeke: Paton mwenyewe amelisikia shitaka hili, akalitia kinywani mwa kijana Letsitsi, mtaalamu wa kilimo ambaye Jarvis amemleta Ndotsheni. Kumalo anapomsifu Mzungu kwa wema wake, Letsitsi anajibu kwa heshima lakini bila kuyumba kwamba ni Wazungu hao waliowaachia ardhi ndogo, na ni wao waliowachukua watu kwenda kufanya kazi mbali. Anachofanya Jarvis ni kulipa sehemu ya deni. Kumalo hapendi kusikia hayo. Tunapenda sana kwamba hapendi, na kwamba kijana hajaandikwa kuwa mpumbavu. Mzee amejifunza kuomba radhi kwa msichana, amejifunza kumtazama Mzungu usoni, na bado kuna neno la kweli linalomkera kwa kuwa limetoka kwa kijana.

Kosa letu kubwa na kitabu, hata hivyo, ni la msichana wa Pimville. Anabeba mjukuu wa mchungaji, anafunga ndoa gerezani mbele ya Father Vincent na mwanamume atakayenyongwa, anasafiri kwa treni hadi Ndotsheni, anaishi katika nyumba ya mchungaji mpaka mwisho. Na hana jina. Tangu mwanzo hadi mwisho yeye ni yule msichana. Binti Sibeko naye ni binti Sibeko. Hata mke wa Kumalo, mwanamke aliyekusanya akiba ile senti kwa senti, ni mke wa Kumalo, ilhali mke wa Jarvis anaitwa Margaret. Hatudhani Paton alikusudia. Lakini kitabu kinachotufundisha kwamba dharau hujificha ndani ya watu wema kimeacha alama ya fundisho lake katika ukurasa wake mwenyewe, na msomaji aliyemsikiliza mwandishi vizuri ndiye atakayeiona.

Kesi inakwisha kwa namna inayomsumbua kila mwenye methali ya kwamba msema kweli mpenzi wa Mungu. Vijana watatu waliingia nyumbani kwa Arthur Jarvis. Wawili wanakana, wanaachiliwa. Absalom anasema alikuwepo, alifyatua bastola kwa woga, hakukusudia kuua. Ananyongwa. Paton hatupi faraja ya haraka kwa hilo, na tunamshukuru. Anachotupa ni baba, ambaye amerudi kijijini bila mwana. Siku ya ibada anasimama mbele ya watu wake anaomba kwa sauti, akimtaja dada yake na kumtaja mwanawe, bila kuficha. Watu wanainama. Baadaye askofu anakuja na ushauri kwamba Kumalo ahamishwe, maana atawezaje kuishi chini ya kilima cha mtu ambaye mwana wake ameuawa? Askofu anaona jambo liko wazi. Kabla hajamaliza inafika barua ya Jarvis, ya shukrani kwa rambirambi za Kumalo na ahadi ya sala za kanisa lake kwa ajili ya kifo cha mke wake. Askofu anaisoma, anaacha habari ya kuhamisha. Hata askofu alikuwa na dhana yake juu ya Mzungu wa kilimani, na hakuwa amekwenda kumuuliza.

Lakini kabla ya yote hayo ipo siku ile ya kurudi, barabara ya vumbi kutoka kituo cha treni, na wanakijiji wakiimba kumpokea mchungaji wao. Yuko pamoja na mtoto wa Gertrude, maana Gertrude mwenyewe alitoweka usiku wa kuamkia safari, na pamoja na msichana mjamzito wa mjini. Mke wa Kumalo anakuja kuwalaki. Amekwisha kujua kwamba mwanawe hatarudi. Anamkumbatia msichana, anampokea kuwa binti yake, na msichana anamwita mama. Katika ukurasa ule hatusomi kwamba alimuuliza wanaume wangapi. Wanaingia nyumbani wote wawili, wanawake wasio na majina, kutafuta pa kulaza mtoto.